Kitabu Kinachozikwa na Mwenyewe

Mama yangu alizikwa na kitabu chake cha sala mikononi, rozari imezungushwa juu yake. Ndivyo wazee wa kwetu Ufipa walivyotaka, na ndiyo maana vitabu vile vya Kifipa, vilivyochapwa na mapadre wa zamani, vimeadimika: vingi viko makaburini. Cha mama nilikiweka mwenyewe, wala sikufikiri mara mbili.

Majuto yalikuja baadaye. Shirika nililolifanyia kazi lilibinafsishwa, nikapunguzwa, nikarudi Izia, mtaa wetu wa mjini, kwenye nyumba ya mama isiyo na mtu. Jioni ya kwanza nikapiga magoti nisali kama alivyonilea, nikakwama. Sala ile ya jioni ni ya watu wawili: kiongozi anasoma mstari, mwenzake anajibu. Miaka yote aliyesoma ni mama. Mimi nilijua majibu tu, na majibu bila mstari hayana pa kuanzia.

Nikaanza kutafuta. Parokiani katekista alinionyesha vitabu vipya vya Kiswahili, majalada yanang'aa. Sokoni siku hizo kila kitu kilikuwa ruksa, redio za kaseti, mitumba, mafuta ya nywele ya kila rangi, lakini nikiulizia kitabu cha sala cha Kifipa watu wananicheka. Wengine walidhani namnunulia Mzungu, wakanitajia bei ya kitabu wasichokuwa nacho. Nilikwenda mpaka Ilemba, nikarudi mikono mitupu na hasira tele.

Mwishowe nilikipata Mwimbi, kwa bibi mmoja mjane aliyeishi peke yake. Alikuwa amekifunga kwenye kipande cha kanga, jalada jeusi limelainika kwa kushikwa.

"Shikamoo bibi. Naomba uniuzie."

"Marahaba. Hiki hakiuzwi, mwanangu. Hiki ntaondoka nacho." Akalipapasa jalada. "Ila macho yangu ndo yameisha. Kama Kifipa unakijua, nisomee."

Nikasoma, naye akajibu. Yalikuwa majibu yaleyale ya utoto wangu, kwa kuvuta sauti kulekule kwa kina mama wa zamani. Katikati ya ukurasa ilibidi nisimame, maana machozi yalikuwa yamefunika maandishi.

Tangu hapo kila nikisikia lori linakwenda kubeba mahindi Mwimbi, nilidandia. Ningeweza kuinakili ile sala kwa mkono na kumaliza kazi siku moja. Sikuchukua kalamu. Nikishanakili, ningerudi kwa sababu gani? Pale Izia hapakuwa na mtu wa kunisemesha Kifipa. Majirani zangu walikuwa watumishi na wafanyabiashara waliotoka Mbeya, watu wema kabisa, lakini tukishasalimiana basi, kila mtu anaingia kwake.

Msimu wa baridi bibi akafariki. Wanawe walikuja kutoka mjini, na mkubwa wao akanipa kitabu palepale kando ya jeneza.

"Chukua, kaka. Kwetu hakuna anayeweza kukisoma, na tumesikia umekihangaikia sana."

Nikakishika. Nilikitaka, sitasema uongo. Lakini aliyeambiwa kwamba bibi ataondoka nacho ni mimi, na pale hapakuwa na mwingine aliyejua. Nikamweleza yule mwanawe, kisha nikakiweka mikononi mwa bibi na kuzungushia rozari, kama nilivyomfanyia mama.

Nilifika nyumbani jua limekuchwa, upepo unapita chini ya mlango. Nikapiga magoti kwa mazoea tu, bila kutarajia kitu. Mstari wa kwanza ukaja wenyewe. Nikajaribu wa pili, nao upo, na wa tatu pia. Kwa kumsomea bibi nilikuwa nimeishika sehemu yote ya kiongozi bila kujua.

Nikaanza upya, kwa sauti. Nikasema mstari wa kwanza, nikanyamaza, pale mama alipokuwa akinisubiri nijibu. Nilisubiri kweli. Kisha ikabidi nijibu mwenyewe.