Mikono ya Mama Ndizi

Mwezi uliopita nilikwenda Kariakoo kununua kitambaa cha mapazia, miguu ikanipeleka yenyewe mpaka mtaa wetu wa zamani, nyuma kidogo ya Msimbazi. Ndugu yangu, nilisimama pale kama mgeni. Ilipokuwa nyumba yetu pana ghorofa la maduka, vioo juu mpaka chini. Kijana mmoja akaniita, "Dada karibu, unataka kava la simu?" Nikamwambia naangalia tu. Na kweli nilikuwa naangalia, nakisia uani palikuwa wapi.

Ilikuwa nyumba ya Kiswahili, vyumba huku na huku, korido katikati, na uani ambako wapangaji wote tulipika, tukafua na kusutana. Bibi yangu, mtu wa Kilwa, alinilea katika chumba cha mbele. Asubuhi ulikuwa unaamshwa na mchakacho wa fagio la chelewa, halafu harufu ya mkaa, halafu vitumbua. Chumba cha mwisho, karibu na choo, alikaa mama mmoja kutoka Kilimanjaro aliyeuza ndizi mbichi sokoni. Tulimwita Mama Ndizi, naye akaitika. Mume na watoto walibaki Moshi kutunza kihamba, shamba la ukoo, yeye akaja mjini kuhangaikia ada zao. Jumapili akitoka kanisani alipika mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, na bakuli la kwanza lilikuwa la bibi yangu.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, mwalimu wetu wa sanaa alitaka kila mmoja aandae kazi yake mwenyewe, na michoro yote ya majaribio aione pia. "Msiniletee minazi wala machweo," alisema. "Nendeni mkakae mahali mpaka pawachoshe. Wazo huja likimkuta mtu amechoka."

Nikakaa sokoni hadi wauzaji wakanizoea. Nilichora wachukuzi na magunia yao, mafungu ya nyanya, vilima vya manjano na pilipili. Nikifika nyumbani nikiitazama, kila picha ilifanana na kalenda ya ukutani. Nilikuwa nakata tamaa.

Jioni moja nilikuwa namsaidia Mama Ndizi kumenya ndizi alizoagizwa na mama lishe wa sokoni, utomvu ukadondokea karatasi yangu. Kesho yake palikuwa na doa la kahawia, zito, zuri kuliko rangi yoyote niliyowahi kuiona. Nikamkimbilia kumwonyesha. Akacheka.

"Hiyo ikishika nguo, mwanangu, nguo itakufa nayo."

Ndipo nikaitazama mikono yake. Miaka yote nilikuwa nakula kutoka mikono ile na sikuwahi kuiona: weusi umejaa kwenye mikunjo ya vidole, kucha zimeliwa na kisu. Mistari ningeichora kwa mkaa, na vivuli ningevitia kwa utomvu wenyewe.

"Mama, nikuchore?"

"Uso? Uso wangu nimeuchoka hata mimi. Chora mikono, ndiyo inayofanya kazi."

Basi kila jioni akimenya, nami nachora. Utomvu hauonekani ukiupaka, lazima usubiri. Nililala na hamu ya kupambazukiwa nione mikono imetokea vipi. Sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile.

Michoro ilipokuwa mingi nikampelekea mwalimu. Akaipanga mezani, wa kwanza hadi wa mwisho.

"Mbona mikono inakonda?"

"Nimechora ninavyoona, mwalimu."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza."

Nikaitazama. Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa unazidi kuchomoza kutoka karatasi hadi karatasi. Mimi niliyemkodolea macho kila siku sikuwa nimeona, wala nyumba nzima.

Nilimweleza bibi, akaenda moja kwa moja chumba cha mwisho. Alimkuta amefunga pete ya ndoa kwa uzi isidondoke.

"Ni uchovu tu, mama," akasema Mama Ndizi.

"Uchovu gani unaomvua mtu pete?"

Walimpeleka hospitali kule Upanga. Madaktari wakasema ugonjwa ulishakwenda mbali. Nilipokwenda kumwona, aliniuliza kama nimemaliza kazi yangu. Mikono ilikuwa juu ya shuka, imetakata, haina hata doa. Sikuweza kuitazama.

Alifariki kabla mvua za masika hazijaisha. Mume wake alishuka kutoka Moshi kuuchukua mwili. Bibi na wanawake wa nyumba walipika, watu wa kanisa wakaimba uani. Walitafuta picha ya kuweka kwenye msalaba, wakapata moja tu ya zamani, ya usichana wake, na hakuna mpangaji aliyemtambua. Mtu akamwambia yule baba kwamba mimi nilikuwa namchora.

Nikamletea. Aliifunua michoro mmoja baada ya mwingine, taratibu, na alipofika mwisho akaigeuza karatasi kutazama nyuma.

"Uso haupo, binti?"

"Alikataa, baba."

Akakaa chini pale pale kizingitini. Baadaye akaikunja yote, akaitia ndani ya koti. Sikuwa na moyo wa kumwambia bado ni kazi ya shule. Mwalimu alisema ameshaiona, inatosha.

Siku hizi sijui michoro ile iko wapi, wala yule baba kama yu hai. Bibi alizikwa Kilwa. Wapangaji wengine walitawanyika siku nyumba ilipouzwa, nami sijakutana na hata mmoja wa kumuuliza, unamkumbuka? Nimekuwa mtu mzima ninayeishi kwa kuchora. Kila baada ya muda huwa nakaa na mkaa na karatasi, najaribu kuuleta uso wa Mama Ndizi. Paji linakuja, kilemba kinakuja, hata kicheko nakisikia. Nikimaliza, anayenitazama ni mwanamke mwingine, simjui.