Bakuli la Tatu la Maharagi

Siku ile sokoni Kashebere tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu wa kike, kaka yetu mdogo mgongoni mwake, mama wa mawese aliyetoka msituni upande wa Walikale, na mchuuzi wa chumvi na vitambaa. Watu wengine walikuwa wengi, lakini ni hao ninaowaona ninapofumba macho. Nimewakumbuka juzi, mjukuu wangu alipoonja sombe, mboga ya majani ya muhogo, akasukuma sahani, akasema chumvi imezidi. Chumvi, kuzidi?

Kwetu, juu ya vilima vya Masisi, chumvi ilikuwa imekwisha siku nyingi. Yule mtoto wa mgongoni alikuwa anatema sombe isiyo na chumvi na kulia. Baba na mama walikuwa wamefariki, nami nilikuwa nimeacha masomo mwaka wa pili nikashika jembe. Aliyebaki darasani ni mdogo wangu, na mwalimu alikuwa amemwambia asirudi Jumatatu bila gauni jipya, maana lile la zamani lilikuwa limepasuka mgongo mzima.

Asubuhi ya soko bibi yetu, aliyetulea, alitupimia maharagi kwa bakuli letu la bati: mabakuli saba. Manne ni ya kitambaa, moja la chumvi, mawili ya mawese. Mguu wake ulikuwa umevimba, hakuweza kushuka nasi. Alinishika bega akasema, "Mawese, chupa mbili. Usirudi na pungufu." Njia nzima nilirudia maneno hayo kama sala, huku ukungu ukitulowesha nywele, mpaka harufu ya nyama ya moshi ikatuambia soko liko karibu.

Chumvi niliipata upesi, imefungwa kwenye jani la mgomba. Kisha nikaenda kwa mama wa mawese. Kwa bakuli la kwanza alijaza chupa mpaka shingoni, akaongeza na matabishi, nyongeza ya bure, kijiko kizima, akacheka. Nikamwaga bakuli la pili. Akajaza nusu chupa, akaweka kizibo.

Nilimwambia ananiibia. Bakuli ni lile lile, maharagi ni ya shamba lile lile. Hakukasirika. "Mama mudogo," aliniambia, kama wasichana wanavyoitwa kwao, "ile ya kwanza iko ya njaa yangu. Hii ingine iko ya kesho. Ukileta ya tatu, sijue itakuwa ya nani."

Sikuelewa hata kidogo. Wenzake walicheka, mmoja akauliza kama masomoni walinifundisha kuhesabu bila kunifundisha kula. Nami nilikuwa na sala yangu ya chupa mbili. Nikamwaga bakuli la tatu. Akatoa kizibo, akaijaza ile nusu iliyobaki. Nikaondoka na chupa mbili zimejaa, kifua mbele.

Mchuuzi alipima maharagi yangu mara mbili. Alikuwa akiyanunua ili ayapeleke kwa wafanyakazi wa migodi, na hakuwa na ubaya. Alisema tu kwamba ni mabakuli matatu, na gauni ni manne. Nikamwomba anikatie cha matatu. Akakunja kitambaa. "Utamuvalisha mukono moja?"

Mdogo wangu hakulia. Aliniita kama kawaida, mimi dada yake mkubwa: "Yaya, twende tu," akampandisha mtoto mgongoni vizuri, na hapo nikaona ule mpasuko wa gauni lake, na ngozi ndani yake. Jumatatu ilikuwa kesho kutwa.

Mama wa mawese alikuwa ameona yote. Alikuja na kapu lake, akachota bakuli moja, lile la tatu, akalimwaga katika langu. Mtu aliyenibana kwa kila tone sasa ananirudishia bure, na mawese akaniachia.

"Kwangu itakulwa na wadudu," alisema. "Kwa huyu itakuwa nguo. Utanirudishia siku sitakuwa na maharagi."

Jumatatu mdogo wangu aliingia darasani na gauni jipya. Alisoma, akawa mwalimu, na yule mtoto mgongoni akasomeshwa na yeye.

Baada ya mavuno nilishuka Kashebere na bakuli limejaa mpaka linamwagika. Yule mama alinionyesha kapu lake, limejaa maharagi yake mwenyewe. "Si nilikuambia siku sitakuwa nayo?" Nikarudi nalo. Safari iliyofuata sikumkuta, wala iliyofuata ile, na waliokaa mahali pake hawakujua alikokwenda. Jina lake sikuwahi kuuliza.

Soko lile halipo tena kama lilivyokuwa, na mawese siku hizi yanauzwa kwa pesa, chupa ya pili bei sawa na ya kwanza. Bakuli la bati bado ninalo, limeliwa na kutu pembeni. Kila mavuno nalijaza, kisha nasimama nalo mlangoni nisijue kama linatosha. Bakuli moja ndilo alilonipa. Lakini kwake lilikuwa la wadudu, na kwetu lilikuwa gauni. Nimlipe lipi? Mpaka leo sijamlipa.