Pole za Ofisi ya Nyumba kwa Mume Wangu Aliye Hai

Aibu hii naitoa mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa kanisani, maana kule imeshatiwa chumvi ya kutosha. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, niko kwenye kochi na binti yangu Imani mapajani, nimemshikia inhela ya pumu mdomoni, mume wangu Wafula yuko jikoni anakaanga mayai huku anaimba kwa ile sauti yake mbaya, simu ikalia, nikaona ni ujumbe wa ofisi ya hizi nyumba tunazopanga huku ughaibuni, Langley Park. Wamenijibu! Nilikuwa nimewaandikia mara tano tangu baridi ianze, kuhusu maji yanayoteremka ukutani chumbani kwa mtoto na kuvu nyeusi inayopanda, mara tano nikapata kimya, na leo jibu limefika hata saa moja haijaisha tangu wafungue mlango. Nikasoma. Walikuwa wananipa pole kwa kifo cha mume wangu, na kwa kuwa mkataba wa nyumba ulikuwa kwa jina la marehemu peke yake, nifike ofisini tupange siku ya kurudisha funguo.

"Mayai unataka mangapi?" marehemu akauliza.

Hapo ndipo uvumilivu wangu uliisha, na sisemi ulipungua, nasema uliisha. Nilivaa koti juu ya nguo ya kulalia, nikamfunga Imani mgongoni kwa leso (ana miaka minne, miguu inaning'inia, sikujali), nikamwambia Wafula, "Zima jiko, vaa viatu, tunaenda kukuonyesha."

Lakini lazima mjue kwanza nilimuuaje.

Kazi yangu iko Silver Spring, ghorofani juu ya duka la unga na samaki wakavu. Tunaletewa picha za barua kuukuu kwenye kompyuta, tunazichapa upya ili zisomeke. Rundo langu lilikuwa la Ireland, miaka kama mia mbili iliyopita, wakati Mwingereza ndiye anayetawala huko na kila mwenye shida anaiandikia serikali kwenye kasri lao la Dublin, huyu anaomba kazi ya kulinda lango, huyu mwanawe amefungwa kwa ajili ya kondoo, huyu padre analia daraja limekwenda na mto. (Mwanzoni nilicheka, zilikuwa kama zile barua za nyanya yangu kwa D.O. wa tarafa, zilizopigwa na mzee wa taipureta nje ya posta. Asiyejua kuandika anatafuta wa kumwandikia, kisha anaweka alama ya msalaba mahali pa jina.) Barua ikifika, karani anaikunja, na mgongoni anaandika kwa ufupi ni ya nani, anataka nini, na wakubwa wamesema nini. Nyingi wakubwa wamesema hakuna la kufanya.

Ndipo nikamkuta Honora. Mjane, anaishi chumba cha chini na binti mdogo mwenye shida ya kifua. Barua yake ya kwanza ilisema maji yanateremka ukutani mkabala na kitanda cha mtoto, na weusi wa ukuta umejichora kama mwanamke aliyeinama. Nilikuwa natafuna mandazi, nikaacha kutafuna. Jioni nilifika nyumbani, sikuvua hata viatu, nikasogeza kabati la nguo za Imani. Yule mwanamke alikuwa hapo. Mgongo, kichwa, na mkono mmoja umenyooshwa kuelekea kitandani.

"Ni unyevu tu, Mama Imani," Wafula akasema. "Ukikazia macho hata sufuria ina uso."

Sawa, ni unyevu. Nikapiga picha, nikaituma ofisini, ikawa barua ya nne. Kimya. Barua ya pili ya Honora nayo niliichapa, ilikuwa ileile ya kwanza ikiwa na heshima nyingi zaidi, maskini, ni kama alifikiri hakuinama vya kutosha. Siku mbili baadaye nikamkuta Imani amehamisha mto wake, amelala kichwa palipokuwa miguu.

"Nani amekwambia ulale hivyo?"

"Yule mama. Anasema nikilala upande wa dirisha nitapumua." (Alisema kwa Kiingereza, Kiswahili anakielewa vizuri sana ila kukijibu hataki.)

"Mama gani, Imani?"

"Yule anakohoa kama mimi."

Nikasema ni wale wa reli mpya, wanachimba barabara yetu mchana kutwa mpaka kuta zinatetemeka na kugonga, mtoto anasikia anatunga hadithi. Asubuhi iliyofuata nikafungua barua ya tatu ya Honora. Nawaapia sikuwa nimeiona kabla. Aliandika: mtoto namlaza upande wa dirisha, hapo hupumua, na sasa mimi pia nakohoa. Mgongoni karani ameandika: haliihusu ofisi hii.

Nikamwonyesha Maman Solange, Mkongo wa Bukavu anayekaa meza ya pili, mtu mzima, mtulivu, hacheki ovyo. Akasoma, akavua miwani, akaifuta.

"Njo vile, dada. Bakubwa ni bakubwa tu."

"Maman, mimi naogopa."

"Ogopa. Mutu akiandika mara tatu bila jibu, atatafuta mwengine wa kumuandikia."

Yale maneno yaliniingia vibaya. Na ndiyo yalinipa lile wazo, uamuzi mdogo tu, hata chai haikuwa imepoa nilipoufanya. Mimi nimeishia kidato cha nne, barua zangu kwa ofisi ni za hasira, "ukuta umeoza, kujeni mtengeneze". Za Honora zilikuwa na mwendo, zinapiga magoti halafu zinakukaba shingo. Nikasema basi naazima yake. Nikanakili ile ya tatu, nikaiamuru kompyuta kila palipo Honora iweke Nekesa, ndiyo mimi, palipo kasri iweke ofisi ya nyumba, na palipo Denis, mume wa Honora, iweke Wafula. Aya ya Denis nilikuwa niifute kabisa, maana Denis alizama mtoni akivusha magunia. Mkono uko kwenye kufuta hasa, simu ikaita kutoka kwa wanaomlea Imani mchana, anakohoa hatulii, njoo. Nikachapisha nakala mbili, nikakimbia. Moja nikaidumbukiza kwenye kisanduku cha ofisi ya nyumba jioni hiyo ya Ijumaa, ya pili nikaiweka kwenye mkoba wa Biblia ili Jumapili niombe watu saini kwenye karatasi yake ya pembeni. Kuisoma tena, mimi? Nisome ya nini na nimeiandika mwenyewe?

Jumapili Wafula alikuwa amelala, ametoka kuhudumia wazee zamu mbili. Wakati wa matangazo nikampa Mama Brayo, katibu wetu, ile barua awasomee watu, na Imani akaanza kubanwa kifua, nikatoka naye nje na inhela. Niliporudi kanisa zima limesimama. Kimya. Wanaume wameinamisha vichwa. Nikafikiri wanamwombea mtoto, machozi yakanilenga, nikashika maikrofoni (mimi, na maikrofoni!) nikasema, "Asanteni sana, Mungu ni mwema, sisi nyumbani tumeshazoea."

Nikasikia mtu nyuma akisema "Yesu!" kwa sauti ndogo.

Wakanizunguka. Mama Brayo amenishika mikono yote miwili.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu baridi ianze."

"Na umenyamaza peke yako!"

"Sijanyamaza, nimewaambia ofisi mara tano. Hata mtu wa kuja kuangalia hawajatuma."

"Bado... bado yuko mle ndani?"

"Wapi pengine? Chumbani kwa mtoto. Sasa harufu imeshika mpaka kwenye nguo."

Mzee mmoja akakaa chini. Wakapanga foleni kusaini, hakuna anayeuliza, wengine wanasaini wakilia, na mimi nikawaza, kumbe watu wa Mungu wanajali kuvu namna hii. Nilimbusu Mama Brayo. Na mnatujua sisi, msiba ukishatangazwa hauitishi ruhusa. Sijamaliza kuvua viatu nyumbani, nasikia wimbo wa matanga unapanda ngazi, akina mama kama kumi na wawili, sufuria za pilau, chapati kwenye kitambaa, mmoja amebeba birika la chai kutoka mbali kule Germantown, mkeka kwapani. Mlango nani aliufungua? Wafula. Amejifunga taulo, macho mekundu ya usingizi, ana unga wa mahindi shavuni kwa sababu alikuwa anajaribu kusonga ugali.

Wimbo ukakatika katikati ya neno. Birika likaanguka. Mama mmoja alishuka zile ngazi hajageuza shingo nyuma, simu yake tukaipata jioni chini ya mkeka.

"Karibuni," akasema Wafula. "Kuna nini?"

Walipoelewa walicheka mpaka majirani Wasalvadori wakatoka kuangalia, wakapewa chapati. Mama Brayo alinisomea ile barua mbele ya wote, neno kwa neno, "marehemu mpenzi wangu Wafula aliyezama na magunia," na Wafula anauliza, "Magunia ya nini?" Nilitamani sakafu ipasuke. Ila katikati ya kicheko nilimwona Imani amesimama mlangoni pa chumba chake, ameelekeza uso ukutani, anaongea polepole na mtu, kisha anatulia kama anayesikiliza. Nikaenda kumtoa. Ukuta ulikuwa umelowa mpaka kimo cha mabega yake, na ule mkono mweusi ulikuwa umefika kwenye mto. Ijumaa haukuwa umefika. Nilimlaza sebuleni na hajarudi kule mpaka leo.

Sasa tumerudi Jumatatu, mimi na koti langu na marehemu wangu mbele ya meza ya ofisi. Msichana wa pale alimtazama Wafula.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyekufa."

Akagonga kompyuta, akakunja uso. "Kwenye mfumo wewe tayari ni marehemu. Itabidi meneja akuthibitishe, na meneja harudi hadi Alhamisi." Nikamwambia, dada, hebu geuza hiyo kompyuta nione barua zangu tano. Labda aliniogopa, aligeuza. Zilikuwa hapo zote, na siku zilizofika, na pembeni ya kila moja neno fupi la mtu asiye na jina. Imepokewa. Imepokewa. Hakuna hatua. Hakuna hatua. Na pembeni ya ile ya tano, kifo wameshakishughulikia, ukuta umebaki: Huyu tena. Hakuna jibu.

Sikupiga kelele, nilitoa simu nikakipiga picha kioo cha kompyuta. Wafula anasema hapo ndipo aliogopa zaidi.

Kesho yake kazini nikafungua picha ya mwisho ya Honora. Ndani hakuna barua, karatasi ya ndani ilipotea, au haikuwahi kuwapo, limebaki ganda lake la nje tu na maandishi ya karani: Huyu tena. Hakuna jibu. Chini pembeni, kwa mkono mwingine, alama ya msalaba. Kwa hiyo mtoto wake sijui alipona au vipi. Sitajua kamwe. Nimepekua rundo lote.

Nikatoa karatasi ya saini za kanisani, nikahesabu na Maman Solange. Watu thelathini na mmoja, nawajua kwa majina mmoja mmoja, wote wamesoma, wote walitumia kalamu moja ya buluu ya Mama Brayo. Na mwisho kabisa, chini ya jina la mzee aliyekaa chini, msalaba mdogo wa wino wa kahawia, kama chai iliyolala. Nimewapigia wote simu. Hakuna aliyeuweka. Solange aliinusa karatasi, akairudisha taratibu.

"Iache, dada. Na yeye ameomba."

Mama Brayo alisema saini nizitumie tu, wao walisaini kwa ajili ya mtoto. Mimi funzo nimelipata na nimeapa mbele ya Wafula: maneno ya mtu siazimi tena, kwa sababu hayaji peke yake. Malalamiko niliyapeleka mwenyewe kwa miguu kwenye ofisi ya serikali inayosimamia nyumba, nikangoja mpaka yakagongwa muhuri mbele yangu. Yalikuwa kwa Kiingereza, hapa nawawekea kwa lugha yetu, na kila neno ni langu.

Kwa Mkuu wa Malalamiko ya Wapangaji,

KUH: UKUTA WA CHUMBA CHA BINTI YANGU

Mimi ni Nekesa. Mume wangu Wafula yu hai, amesimama hapa kando yangu, mnaweza kumgusa. Barua niliyopeleka ofisi ya nyumba siku ya Ijumaa ilisema uongo kuhusu yeye na naomba radhi. Kuhusu ukuta haikusema uongo hata mmoja.

Maji yanateremka. Kuvu imefika kwenye mto wa mtoto wa miaka minne ambaye hapumui bila dawa. Nimeandika mara tano. Nimeambatanisha picha, cheti cha daktari, na yale maneno waliyoandika pembeni ya barua zangu.

Naomba mtume mtu, aje na tochi, aguse ukuta kwa mkono wake. Naomba aje wiki hii. Siwaiti waheshimiwa na sitaahidi kuwaombea, maombi niliyo nayo ni ya binti yangu.

Nyuma kuna saini thelathini na moja na alama moja ya msalaba. Mwenye alama hiyo simfahamu vizuri, lakini amengoja jibu kuliko sisi wote. Naomba naye ahesabiwe.