Kipande Kilichotakiwa Kibaki Kibovu

Siku tulipofukua kipande kile cha barabara tulikuwepo mimi, mdogo wangu anayenifuata, ambaye utafiti ulikuwa wake, kitinda mimba wetu mwenye pikipiki, mwenyekiti wa kitongoji, katekista, bibi ambaye mlango wake unatazamana na kipande chenyewe, na wanajumuiya wetu, wanaume kwa wanawake, wale wale waliokifukia kwa mikono yao. Mbuzi wa bibi naye alikuwepo, lakini hakualikwa.

Inabidi nieleze kwa nini watu wazima waliamka asubuhi na sululu kwenda kuharibu barabara waliyoitengeneza wenyewe.

Wazazi wetu walifariki wakifuatana, nikiwa kidato cha pili. Niliacha shule nikashika jembe, wadogo zangu wakaendelea. Kulikuwa na shamba la mpunga na lazima mtu alilime. Anayenifuata alisoma mpaka akawa mhandisi wa ujenzi, akafanya kazi kwenye barabara za mikoa mingine, akarudi chuoni kuchukua shahada ya pili. Nilidhani imekwisha. Mwaka mmoja baada ya mavuno alikuja nyumbani Ifakara, tukawa tunapepeta mpunga uani, akasema anataka kusomea udaktari wa uhandisi.

"Kumbe bado kuna darasa jingine?" nikamuuliza.

"Si darasa, Dada. Darasani naingia mwanzoni tu, kidogo."

"Sasa unasoma nini?"

"Kitu ambacho hakijaandikwa."

"Na maksi wanakupa kwa kipi, kama hakijaandikwa?"

Alicheka mpaka ungo ukamwaga mpunga. Kisha akanieleza. Kwanza umpate profesa atakayekubali kukusimamia. Uandike andiko la utafiti, useme unataka kujua nini na utakijuaje, ulitetee mbele ya jopo. Wakikubali ndipo uende ukapime. Ukishapima, uandike makala zichapwe kwenye majarida, na huko zinasomwa na watu usiowajua wanaozirudisha zimejaa maswali. Halafu tasnifu, kitabu kizima. Inasomwa na watahini, mmoja wao akitoka nje ya chuo, na mwisho unasimama mbele yao wanakuhoji mpaka waridhike. Yote hayo yana muda wake. Ukipitwa unaomba kuongezewa, na hawaongezi kila ukiomba.

Alichotaka kujua kilikuwa chini ya miguu yetu. Udongo wa bondeni kwetu ni mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mkono, masika unavimba na kulainika kama ugali ambao haujaiva. Barabara ukiijenga juu yake inakunjamana. Na kila mashine ya kukoboa hapa mjini ina kilima cha pumba nyuma yake ambacho mwenyewe hajui akipeleke wapi. Mdogo wangu alitaka kujua kama majivu ya pumba hizo, yakichanganywa na chokaa kidogo, yanaweza kuutuliza udongo huu ukabeba barabara ya kijijini.

Akapewa kibali na wenye barabara, akachagua njia inayotoka kwenye lami kuja kitongojini kwetu. Alipima vipande viwili vinavyofuatana, udongo ule ule, maji yale yale. Kimoja tulikichimba tukachanganya majivu na chokaa, tukakishindilia. Cha pili hatukukigusa. Hicho ndicho kilikuwa mbele ya nyumba ya bibi, na ndicho kilikuwa kibovu kuliko vyote. Alieleza kwenye mkutano wa kitongoji kwamba kile kizima kitapimwa kwa hiki kibovu, watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi pia niliitikia, na nadhani nilielewa nusu.

Masika yalipoanza alikuwa anakuja na chuma chake kirefu chenye nyundo inayoteleza juu yake. Unainua nyundo, unaiachia, unasoma chuma kimezama kiasi gani. Kwenye majivu kilizama kwa shida. Mbele ya bibi kilizama kama kwenye uji, na mdogo wangu akafurahi. Watu waliokuwa wakipita wakitopea walimtazama anavyofurahi wakaguna.

Baadaye ikabidi arudi chuoni. Mimi na kitinda mimba tulikuwa tumehamia shamba upande wa Mbingu, maana mpunga ulikuwa umeanza kushika na mtu asipokaa kwenye dungu kuamia ndege, havuni kitu. Wakati huohuo zamu ya misa ya jumuiya iliangukia nyumbani kwa bibi. Misa ya jumuiya, na padre anakuja na gari, na pale mlangoni pana tope la kufika magotini. Jumuiya ikakaa ikaona ni aibu. Jumamosi wakabeba vipande vya matofali kutoka kwenye tanuri la zamani, wakamwaga, wakaweka changarawe juu, wakashindilia kwa magogo wakiimba. Padre akapita bila kukwama. Walipomaliza wakasema, na huyu binti wetu mtafiti tumemsaidia, kipande chake kibovu sasa kimepona.

Katekista ndiye aliyempigia simu kumpa habari njema.

Mdogo wangu alikuja siku ya pili yake. Nilitoka shamba nikamkuta amesimama pale, viatu safi, anatazama. Alikuwa amempigia msimamizi wake, akaweka simu kwa sauti ya juu nisikie walipozungumza tena.

"Kwa hiyo sasa unalinganisha majivu na matofali?" sauti ile ikauliza.

"Hapana, Profesa."

"Basi unalinganisha na nini?"

Vipimo vya nusu ya masika havikutosha. Ilibidi matofali yatolewe yote, udongo ule ule urudishwe, ukae kiangazi kizima utulie, na vipimo vianze upya masika yanayofuata. Muda wake chuoni ulikuwa umeshaongezwa mara moja. Huo mwaka mmoja uliobaki ndio ulikuwa wa mwisho. Ukipita bila vipimo, miaka yote aliyosoma ingeishia hapo, bila shahada.

Hakulia. Alisema tu, "Dada, nitawaambiaje watu waharibu barabara yao?"

"Hutawaambia wewe," nikamjibu. "Nitawaambia mimi."

Mavuno yalipokwisha niliomba nafasi baada ya sala ya jumuiya. Nikaeleza kama nilivyoelezwa, polepole. Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Yaani tulikosea kutengeneza?"

"Hamkukosea, Baba. Mlitengeneza mapema."

"Mimi nimezaliwa hapa," akasema mama mmoja, "sijawahi kuona serikali wala chuo kinachogombana na watu kwa sababu barabara ni nzuri."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini bibi hakucheka. Ana presha, na kila mwezi kitinda mimba wetu humpeleka hospitali kwa pikipiki.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "masika yakija nani atanivusha pale? Mdogo wako na kalamu yake?"

"Nitakubeba mimi, Bibi."

"Mgongoni?"

"Mgongoni."

"Na shule yake ikiisha?"

Ndipo nikasimama wima nikaahidi mbele ya wote kwamba akishapata shahada yake, kipande hiki tutakiweka majivu na chokaa kama kile kingine, na hakuna mtu wa jumuiya atakayetoa kitu. Mwenyekiti wa kitongoji akasema amesikia. Bibi akasema, "Haya. Fukueni."

Siku ya kufukua ndiyo niliyoanza nayo hadithi hii. Walifukua kwa utani mwingi. Katekista alipigwa sana vijembe kwa ile simu yake. "Habari njema hiyo!" kila tofali likitoka wanamwambia. Mdogo wangu alisimama shimoni na beleshi kama wengine, na alipoona udongo mweusi umerudi wote mahali pake akawashukuru kwa kupiga magoti, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwa mhandisi.

Masika yaliyofuata yalikuwa makubwa. Kipande kilioza kama alivyotaka. Nilimbeba bibi kila mwezi, yeye ameshika viatu mkononi, mimi nimekunja kanga. Alinilalamikia kwamba mifupa yangu inamchoma, nile zaidi mgongo unenepe kidogo. Kitinda mimba alikuwa anasukuma pikipiki nyuma yetu huku akitutania. Vipimo vikakamilika.

Makala zikachapwa baada ya kurudishwa na kurudishwa tena. Tasnifu ikasomwa. Siku ya kuhojiwa nilikuwa palizini. Simu ikaita, nikafuta mikono kwenye nguo.

"Wamepitisha, Dada. Na marekebisho madogo."

"Marekebisho ya nini tena?"

"Ya jedwali moja na maandishi. Mmoja aliniuliza kwa nini nilirudia msimu. Nikamwambia wananchi waliitengeneza barabara. Wakacheka, wakaandika."

Sasa ni daktari. Yuko mbali kwenye ujenzi wa daraja, na kiangazi cha kwanza hakupata ruhusa. Mimi nimeshachoma pumba, viroba vya majivu vimejaa stoo kwangu. Chokaa bado, na bila yeye kuwepo hakuna anayeweza kusimamia uchanganyaji. Mwenyekiti wa kitongoji hajaniuliza. Wanajumuiya hawajaniuliza. Bibi ananiuliza kila mwezi, nikiwa nimembeba, na ninamjibu kwamba bado.

Mdogo wangu anasema deni ni lake. Si lake peke yake. Mimi ndiye niliyesimama nikaahidi, na kipande bado ni tope.