Njia Kavu ya Kwenda Kinole

Mwaka ule tulikuwa tukila unga wa njano, ule wa msaada, ambao ugali wake ulinuka gunia hata uusonge kwa ustadi gani. Mvua za vuli hazikunyesha, na za masika zilichungulia tu zikarudi zilikotoka. Bigwa, tulikopanga chumba mimi na mume wangu, foleni ya bombani ilianza kabla ya adhana ya alfajiri. Nilipanga foleni kama wengine, lakini jeuri yangu ilikuwa palepale. Nilizaliwa Kinole, ng'ambo ya mlima, na sisi wa Uluguru tulikua tukiambiwa kwamba maji wanayokunywa watu wa Dar es Salaam yanatoka kwetu. Ukame niliuona ni shida ya watu wa tambarare.

Mume wangu alikuwa mmoja wa hao watu wa tambarare. Kazi ya kiwandani ilimtoa Dodoma ikamleta Morogoro, halafu mimi nikamfanya asirudi, au ndivyo nilivyopenda kujisifu. Ndugu zangu hawakumchukia, ila hawakumzoea. Walimwita "yule wa kwenye vumbi", na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikicheka pamoja nao.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Binti yetu alikuwa ametimiza miezi minne bila ukoo wake kumwona, na mama yangu alikwisha kunitumia salamu mara mbili kwamba nimpelekee mjukuu wake. Gari la kwenda huko lilikuwa limelala gereji wiki ya pili, likingoja kipuri. Tukaamua kwenda kwa miguu, kwa njia ya mlimani, ambayo ukiondoka alfajiri unafika jua likiwa bado lipo.

Asubuhi ya safari mume wangu alijaza maji kwenye kibuyu. Nilicheka mpaka mtoto akashtuka.

"Unabeba maji kwenda Uluguru? Si bora ubebe na ndizi kabisa uwapelekee watu wa Kinole?"

"Mama, mwaka huu si kama miaka mingine," alisema. Tangu tupate mtoto aliniita hivyo.

"Kule kila ukivuka kilima kuna kijito. Njia ile naijua tangu nikiwa tumboni. Unataka wajomba zangu wakuone na kibuyu wacheke mwaka mzima?"

Alinitazama kidogo, akakiweka kibuyu nyuma ya mlango. Hakuwa mtu wa kubishana. Siku zile niliuona huo ni unyonge.

Tulianza kupanda kabla jua halijachomoza. Mtoto nilimfunga mgongoni, yeye akabeba kikapu chenye nguo, viazi vya kuchemsha na bakuli la bati. Kijito cha kwanza kilikuwa mawe matupu. Nikasema hicho siku zote ni kidogo, kikubwa ni cha pili. Cha pili kilikuwa mawe makubwa zaidi. Nyumba tulizozipita zilikuwa tupu, maana wenyewe walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya chini kando ya barabara. Ile ya mwisho yenye moshi nilikuwa nimeipita asubuhi nikiwa nimeinua shingo, nikiona aibu mtoto wa Uluguru kupiga hodi kuomba maji.

Jua lilipofika utosini nilikaa kumnyonyesha mtoto. Nilimpa titi la kushoto, akavuta, akaachia. Nikampa la kulia. Akavuta kwa nguvu zake zote, kisha akalia, na nilipompangusa uso nikaona hana machozi. Tangu usiku sikuwa nimekunywa kitu zaidi ya kikombe kimoja cha chai. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini yangu hayakungoja hata jioni.

"Twende," nilisema. "Mbele kuna bwawa. Nilikuwa naoga pale nikiwa msichana."

Bwawa lilikuwa mchanga. Mchanga mweupe, mzuri, uliotulia katikati ya mawe, na majani makavu juu yake. Niliketi chini ya mti ukingoni, nikamweka mtoto mapajani, nikalia. Nililia kwa woga, maana kilio chake kilikuwa kimepungua na nilijua maana yake. Na nililia kwa hasira, kwa sababu nilijua ni mimi niliyemfanyia.

Mume wangu hakusema "si nilikwambia". Angelisema ningempiga jiwe, kweli kabisa. Alichukua bakuli, akateremka kwenye mchanga, akaanza kutembea polepole huku ameinama. Alipita pale nilipodhani pangefaa, katikati. Akaenda mpaka mahali kijito kilipokata kona chini ya mwamba, penye matete machache ambayo hayajakauka. Akapiga magoti, akatia mkono, akaanza kuchimba kwa bakuli. Alichimba mpaka bega likaingia. Mchanga aliotoa ulikuwa mkavu, kisha mweusi, kisha ukawa unashikana. Akang'oa majani mabichi akayatandika chini ya shimo, akangoja. Kwao mtoto hujifunza kazi hiyo kabla ya kusoma.

Alipochota bakuli la kwanza nilisimama. Yeye akalimwaga.

Nilipiga yowe. "Unamwaga maji?"

"Hayo ni ya kuoshea shimo," alijibu bila kugeuka. "Tulia."

La pili alipanda nalo hadi kwangu, mikono miwili, akitembea kama amebeba yai. Maji yalikuwa na ladha ya udongo, na sijawahi kunywa kitu kitamu kama yale mpaka leo. Alinizuia nisiyagugumie. Akateremka, akakaa chini ya mwamba muda mrefu, akapanda na lingine. Halafu lingine tena, ambalo halikufika nusu, lenye tope. Alisema shimo limechoka.

"Na wewe?"

"Mimi nimeshakunywa kulekule chini, nikingoja lijae."

"Kumbe! Watu wa vumbi mnakunywa kimyakimya," nilimtania. Akacheka.

Tulipumzika pale. Baada ya muda nilihisi kifua kikiuma kwa ule uchungu ninaoujua, na mtoto alipovuta, koo lake likaanza kupanda na kushuka. Alinyonya akiwa ameshika kidole changu. Mume wangu alikaa akitusikiliza, maana mtoto alikuwa na mlio kidogo wa kumeza. Nilimpenda sana saa ile, nikadhani nimempenda vya kutosha.

Njia iliyobaki alimbeba mtoto yeye, amemfunga kwa khanga yangu, jambo ambalo mwanamume wa wakati ule hakulifanya mbele za watu. Maji mengine hatukuyaona mpaka tulipoteremka Kinole, jua likiwa limeegemea mlima.

Mama alitoka mbio na kata ya maji, maana kwetu aliyetoka safari hupewa maji kabla ya maneno. Alinipa mimi. Mkwe wa kiume hali wala hanywi mbele ya mama mkwe. Huwekewa chake pembeni, tena baadaye. Wajomba walikuwa barazani wakitazama. Mume wangu alisimama mbali, kama inavyopasa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Akarudia, ikatoka kama mtu anayekwaruza sufuria. Mama aliitazama ile midomo, iliyopasuka, yenye utando mweupe pembeni. Hakuweza kumuuliza yeye, akaniuliza mimi.

"Huyu amekunywa maji lini?"

"Njiani, mama. Alichimba kisima, akanipa, na yeye akanywa kule..."

Sikumaliza. Mabakuli mawili na nusu. Shimo limechoka. Nilimtazama mume wangu, naye akatazama miguu yake.

Mama aliichukua kata mkononi mwangu, akaijaza mtungini. Akamwendea mpaka karibu, akampa mgongo, akavuta khanga akajifunika kichwa, akaipitisha kata nyuma yake.

"Kunywa, mwanangu. Sikuoni."

Alikunywa. Mama akachota tena, akaipitisha tena bila kugeuka, maji yakimwagikia pindo la nguo yake. Barazani hakuna aliyecheka. Kwenye kata ya nne mume wangu alianza kulia, kilio kisicho na sauti, mabega tu, na maji yakawa yanampalia. Mama, ambaye alikuwa hamwoni, akasema:

"Polepole, mwanangu. Yapo."