N Haishiki Mteremko

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa pua kabla ya macho. Breki zilizoungua zina harufu yao: kama mtu amechoma kwato za mbuzi pamoja na ndala. Nasikia umenunua gari kuukuu la otomatiki, na tayari unajisifu kwamba halina klachi ya kukusumbua. Basi keti. Injini izime kwanza.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minane. Nimehesabu mara mbili, ni hiyo hiyo. Gari langu la kwanza, otomatiki kama lako, nililinunua Kamembe, huku Rwanda mpakani, kwa Maman Furaha, mfanyabiashara wa Bukavu, ng'ambo ya Kongo, mwanamke aliyeweza kukuuzia kivuli chako na ukamshukuru. Kando ya mkono wa gia palikuwa na alama sita: P, R, N, D, 2, L. Nikazihesabu kutoka juu, nikazihesabu kutoka chini.

"Maman, mimi nitatumia D ya kwenda na R ya kurudi. Hizi zingine sizihitaji. Nipunguzie."

Akacheka mpaka kitenge kikalegea. "Ee Papa! Unanunuaka mbuzi, unasema batoe miguu mbili sababu weye unakulaka mbavu tu?"

Hakupunguza. Nami nikaona haya kuuliza kazi ya zile nyingine. Aliyepigania bei kwa maneno makali namna ile hawezi tena kujifanya mwanafunzi. Wazee husema kuuliza si ujinga. Mimi niliamini kuuliza kunapandisha bei.

Wiki ile ile mabukwe, mama wa mke wangu, alitibiwa macho mjini, na heshima ya kumrudisha kwake Bugarama ikaniangukia mimi. Macho yote mawili yalikuwa yamefungwa bendeji. Marehemu mumewe aliendesha lori la simenti, na yeye alikaa kiti cha pembeni miaka mingi, jambo ambalo sikulipa uzito wowote.

Tulipoanza kushuka, nikafanya nilivyowaona madereva wa huku wakifanya na magari yao ya klachi: nikasukuma mkono hadi N, gari literemke lenyewe. Mteremko, nilijiambia, ni petroli ya Mungu. Ikaja kona, nikakanyaga breki. Kona nyingine, nikakanyaga tena.

"Papa Feza," mabukwe akaniita kwa jina la mtoto wetu, "moteri iko inanyamaza. Umeizima?"

"Hapana, mabukwe. Inapumzika. Nimeweka N."

"Na sisi, nani anatushika?"

"Breki."

"Breki peke yake?" Akanusa hewa. "Mukwe wangu, macho ndiyo walifunga. Pua hawakufunga. Kuna kitu inaungua."

Kwetu mkwe habishani na mabukwe. Nikabisha. Nikasema ni moshi wa mashamba. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limeshachaguliwa jeneza. Kona iliyofuata pedali ikazama kama nimekanyaga ugali, na gari halikupunguza hata kidogo. Kulia kwetu palikuwa na korongo. Hilo sikulihesabu.

"Rudisha kwa D!" akaamuru, kwa sauti ya kuamshia watoto wa shule. "Sasa ile 2! Shika usukani, usiogope kelele. Na breki ya mukono, polepole, usivute yote!"

Nikafuata. Injini ikanguruma, gari likajikaza, nami nikaamini nimevunja sanduku zima la gia. "Inakufa, mabukwe!"

"Haikufi. Sasa ndiyo iko inafanya kazi."

Mwendo ulipopungua akanitaka nitie L, na tukatembea kama mzee anayetoka misa, mpaka mahali pa tambarare. Magurudumu yalifuka moshi. Nikakimbilia dumu la maji, akasikia linavyocheza. "Acha! Chuma ya moto ukiimwangia maji inapinda. Ikae. Na sisi tukae."

Tukakaa. Nikamwuliza amejuaje.

"Muntu akikaa pembeni ya kazi miaka yote, anaijua," akasema. "Weye uko unakaa katikati yake, hauulize. Bei uliuliza mara ngapi?"

"Mara nyingi, mabukwe."

"Na kazi ya hizo alama?"

Nikatazama chini, kana kwamba angeniona.

Kesho yake nilimwendea fundi, nikamuuliza mpaka akaniomba nimwache ale. Akaniambia ndani ya otomatiki mafuta ndiyo yanayobeba nguvu: fikiria feni mbili zinazotazamana, moja ikivuma, nyingine inazunguka. Ukiweka N, injini na magurudumu hawajuani tena. Ukiweka 2 au L, magurudumu yanalazimika kuiburuta injini, na uzito wa kuiburuta ndio unaokuzuia. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu ndani ya koti lake mwenyewe.

Kwa hiyo, mwanangu, teremsha gia kabla mlima haujakuteremsha wewe. Gari likiwa na kitufe cha O/D, ile gia ya juu ya mwendo wa kasi, kizime ukiwa juu bado. R usiiguse magurudumu yakiwa yanazunguka. Ukiegesha penye mwinamo, vuta breki ya mkono kabla ya kutia P, maana P ni kijino kidogo tu cha chuma, usikibebeshe gari zima. Mafuta ya gia yakinuka kuungua, usinunue marashi ya kuficha harufu. Nenda kwa fundi. Na usilipie kitu ambacho hujauliza kazi yake, hata ukipewa kwa nusu bei. Rahisi huvunja upishi, na upishi wa barabarani huwa na watu ndani.

Mungu akupe gari la kukuvumilia, na abiria asiyeogopa kukukemea. Na siku akikukemea, akupe masikio kabla ya kona. Nenda salama, ufike, urudi.