Kanzu za Watu, Gauni la Mercy

Hii hutaiamini. Nyumba inaungua, mwenyewe anatoka mbio na kanzu za watu, na nguo anayoipenda kuliko zote duniani anaiacha ndani. Kwa hiari yake! Tulia kwanza, usome.

Asubuhi hii Chirau yuko kibarazani Kibokoni, anapuliza makaa ya pasi yake. Cheche zinaruka, lakini hata moja haigusi kanzu iliyo mbele yake. Ni dobi, Mkristo, tena wa kwaya. Wateja wake karibu wote ni Waislamu wa hapa Mji wa Kale.

"Chirau, leo Ijumaa, kola isimame!" Mzee Sheikhan anampigia kelele kutoka baraza ya pili. "Juzi ilinilalia kama jirani yangu wakati wa hotuba."

"Kola yangu hailali, mzee. Shingo ndiyo imechoka."

Baraza nzima inacheka. Chirau naye anacheka, lakini kwa mdomo tu.

Mwaka jana Idd ilikaribia, kazi ikamzidi, akabeba kanzu za wateja hadi kwake Majengo. Alipotoka kununua makaa, umeme ukaleta hitilafu chumba cha jirani, nyumba ikashika moto. Aliporudi, majirani walikuwa wameshamtoa bintiye, Kate. Chirau akaingia ndani.

Kulia, kitandani, furushi la kanzu. Kushoto, kwenye msumari, gauni la zambarau la kwaya. La Mercy, marehemu mkewe. Tangu azikwe, kila Jumamosi Chirau alikuwa akilipiga pasi, na hakuna wa kulivaa. Kate alikuwa anasubiri limtoshe.

Dari likaanza kudondoka. Pumzi aliyobaki nayo ni ya safari moja tu, ya upande mmoja.

"Nikasema, 'Bwana, nishike lipi?'" anasimulia. "Nikakumbuka kanzu si zangu, ni amana. Nikipoteza cha mtu, Jumapili nitaimba na uso gani?"

Nje, Kate akalipekua furushi lote. Nyeupe, nyeupe, nyeupe tupu.

"Baba, la mama liko wapi?"

Chirau akaugeukia mlango uliojaa moshi.

Wateja walivaa kanzu zao, Idd ikapita. Waliposikia yaliyotokea, wakachangishana, ndiyo Chirau akapata pa kuishi na pasi hii. Mzee Sheikhan akaleta kitambaa cha zambarau mwenyewe, gauni jipya likashonwa. Kate hajaligusa. Na kanisani hakanyagi tena.

"Aliniambia, 'Uliokoa za watu, basi nenda ukaimbe na watu,'" Chirau anasema, akiiweka pasi pembeni. "Imani sijaiacha, nitaiacha vipi? Ni Bwana aliyenisimamisha tena. Lakini tukifika ule ubeti aliokuwa akiuanza Mercy, sauti yanikataa. Labda ningerudi ndani. Labda ningewahi. Kila nikipuliza haya makaa, najiuliza."

Kesho Jumamosi atalipiga pasi gauni jipya, alitundike mlangoni kwa Kate. Jumapili atawahi kanisani, aweke nafasi ya mtu mmoja kwenye benchi, kama anavyofanya kila wiki.

"Aje hata amejifunga leso," anasema. "Aje tu."

Sasa wewe, usijibu haraka. Dari linadondoka, pumzi ni ya safari moja. Kulia amana za watu, kushoto gauni la mama wa mtoto wako, na huyo mtoto yuko nje anasubiri. Ungeshika lipi?